Pete ya Korongo

Nani alimvika korongo pete mguuni? Swali hilo lilinirudia juzi, nilipomwona mwingine mwenye pete kwenye majaruba ya mpunga ya Mhunze.

Utotoni, kule Segese, mjomba wangu mchimbaji alimkanyaga korongo mmoja shingoni, akaniita na kunionyesha pete ya mguuni. "Hebu soma hapa, msomi wetu wa darasa la tatu."

Nilisoma namba. Maneno ya kigeni yalinishinda.

"Mnaona? Ametumwa na wachawi huyo," alisema jirani yetu, Mama Masanja.

"Ametumwa," nami nikasema, nisionekane mjinga.

Wakamponda kwa sururu, wakamchoma. Harufu ya manyoya yale ilishika gauni langu; hadi leo inanichefua, nami najichefua mwenyewe.

Chuoni ndipo nilipojua kwamba maneno yale yalikuwa anwani ya watu wa Ulaya wanaofuatilia ndege wanaokimbia baridi kuja kwetu.