Cherehani ya Thelathini na Nane

Jumatatu binti yake angeanza kazi, na Kola alijua fika watamkalisha wapi: nyuma kabisa, kando ya mlango wa choo, palipo na cherehani ya thelathini na nane. Ndiyo desturi ya kiwanda kile cha mashati. Mgeni hujifunzia kwenye mashine ya aliyemleta, na akishaiva hupewa iliyo jirani. Ukiletwa na mtu wa mbele, kwenye madirisha na mashine mpya, utaanzia mbele na kuzeekea mbele. Kola mwenyewe aliletwa na mama yake miaka kumi na tisa nyuma, akarithi kiti pamoja na maneno haya: "Mwanangu, sisi tumeumbwa na mikono mizito. Tuvumilie tu."

Basi akavumilia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi getini, na kwa unadhifu wa kola za mashati hakuwa na mpinzani, ndiyo maana jina lake halisi lilikwishasahaulika. Lakini kwa siku zilimtoka thelathini, akijitutumua sana thelathini na tano. Kule mbele, mwanamke waliyembandika jina la Umeme alitoa sitini na hajatoka jasho. Msimamizi aliwapigia wa nyuma mfano wake kila asubuhi: maskini ni mvivu, na mvivu hakosi kisingizio. Aliyelalamika kuhusu mashine alijibiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Na Kola, Mungu amsamehe, alimwamini.

Jumamosi asubuhi Umeme alikuja nyuma kuazima mkasi. Kwa mzaha akaketi kwenye kiti cha Kola ashone kola moja. Uzi ukakatika. Akautunga, ukakatika tena. Mara ya tatu akainua uso, mzaha umemwisha.

"Dada, hii ndiyo unayoshonea kila siku?"

Miaka kumi na tisa, na hakuna mtu wa mbele aliyewahi kuketi pale! Kola hakungoja hata kuvaa viatu vyake. Alimfuata msimamizi pekupeku, akamwomba awaruhusu yeye na Umeme wabadilishane viti siku hiyo moja tu. Msimamizi akamrushia methali yake ileile.

"Sawa, bosi," Kola akasema. "Basi mpe mkulima wako hodari jembe langu, tuone."

Chumba kizima kilicheka, na msimamizi, asije akaonekana mwoga, akakubali.

Jamani, siku ile! Mashine ya dirishani ilikwenda kama maji. Kola alitazama vidole vyake mwenyewe asivitambue. Kufika chakula cha mchana alikuwa na thelathini na mbili, na habari zikapita safu kwa safu, watu wakihesabu kwa midomo huku wamejifanya wameinama kazini. Alasiri hakuna aliyekwenda hata chooni. Kengele ilipolia, Kola alikuwa na kola sitini na tatu. Umeme, nyuma kule, alikuwa na thelathini na moja na kidole kilichochomwa sindano.

Msimamizi alizihesabu mara mbili. "Unaona, mama?" akamwambia Kola. "Ukiamua kufanya kazi, unaweza."

Umeme alikuja mbele polepole, akinyonya kidole. "Na mimi, bosi? Leo nimeamua kuwa mvivu?"

Kisha Umeme akasema viti vipigiwe kura kila Jumatatu, na kwa kuwa wafanyakazi wote walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri, wa mbele na wa nyuma, msimamizi akakubali huku akitazama saa yake.

Jumatatu vikaratasi vilichanganywa ndani ya kopo la vifungo. Binti akachota namba tano, dirishani kabisa, akamtazama mama yake kama aliyeokota kitu cha mtu. Kola akachota, akafungua: thelathini na nane. Wenzake wakamwonea huruma, naye akacheka kicheko chake cha getini.

Aliketi kando ya mlango wa choo, akamkumbuka mama yake, aliyezikwa akiamini kosa ni la mikono yake. Akakanyaga pedali. Uzi ukakatika. Akanyoosha mkono juu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na kuita kila mtu asikie:

"Bosi, mashine hii ni mbovu."