Hatua Moja Mbele ya Phelis

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai karibu na Sigowet, na Rodah Chelangat anachuma. Vidole vyake vinapapasa mchai, vinaliacha jani gumu, vinakata majani mawili na chipukizi, kisha vinarusha juu ya bega hadi kikapuni.

"Mkono ndio unaona," anasema akicheka. "Macho yalienda na surua nikiwa na miaka tisa. Mkono ukabaki."

Mama huyu wa miaka 31, ambaye majirani humwita Mama Chebet, huchuma kilo 35 kwa siku. Jioni hukimbia kilomita kumi na mbili, mkono wake ukiunganishwa na wa jirani yake, Phelis, kwa kamba fupi iliyokatwa kwenye mkanda wa kikapu kikuukuu. Kamba ikivutwa kidogo, kuna kona. Ikilegea, njia imenyooka. Harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ikimfikia, anajua wamefika nusu.

"Hapo nasikia kama naelea. Mlima unaisha, mimi siishi."

Mwaka jana, katika mchujo wa mita 5,000 wa wasioona mjini Kericho, walimaliza mbele ya wote. Rodah akasikia vigelegele, akainua mikono. Lakini kulikuwa na kosa. Phelis, mkimbiaji tangu shuleni, alikuwa ameona utepe wa kumalizia, akautupia kifua kabla ya Rodah. Sheria haimruhusu mwongozaji kuvuka mstari kabla ya mkimbiaji wake. Ushindi ukafutwa.

"Nililia mpaka Mama Chebet akanibembeleza," anasema Phelis. "Yeye ndiye amepoteza, na mimi ndio nalia!"

Watu walimwambia Rodah atafute mwingine. Akakataa. "Huyu nimezoea pumzi yake. Nianze kujifunza ya nani?"

Jumamosi hii kuna mchujo tena, na anayeshinda anaingia timu ya taifa. Rodah amebuni zoezi lake: wanachuma mistari miwili sambamba, na Phelis lazima abaki mchai mmoja nyuma.

"Mama Chebet, leo mikono yako ni mizito! Songa!"

"Ngoja, wewe. Chai haitoroki."

"Kukaa nyuma yako ni kazi kuliko mbio zenyewe!"

Mstari wa uwanjani Rodah hajawahi kuuona. Anaufikiria kama kijito chembamba cha maji baridi, cha kuvukwa kwa hatua moja. "Hiyo hatua moja tu ndiyo nataka Jumamosi," anasema. "Niuvuke mstari mimi kwanza."

Anagusa mchai wa mwisho. Anatulia, anasikiliza. Nyuma yake majani hayatikisiki. Phelis amesimama, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyefungwa.

"Umefika?"

"Nimefika," anajibu Rodah. "Sasa njoo."