Alhamisi Yetu Imetiwa Bei

Juzi mjukuu wangu Saumu alifunua sufuria ya unga wa vitumbua uliokwisha kuumuka, hiliki ikanipanda puani, nikawa mtoto papo hapo. Nikajiona nimekalia mbuzi nakuna nazi, leso imenizidi urefu, na nyanya yangu Mwanakombo anatwanga mchele uliolowekwa tangu jana. Ule mlio wa mchi, mwenzangu, kijiji chetu kizima cha Mwabungo kilikuwa kikiamka nao.

Siku nyingine zote nyanya aliuza. Alikaa kando ya njia na kikaango chake chenye vishimo, na hakuwa mtu wa kupunguza bei. Ukimlilia, alikwambia, "Kalilie kwenu, hapa moshi unatosha." Lakini Alhamisi hauzi. Alhamisi ilikuwa siku ya marehemu wetu. Tuliambiwa roho zao hurudi nyumbani kuamkia Ijumaa, kutazama kama bado zinakumbukwa. Basi baada ya sala ya alasiri nyanya alitia ubani chetezoni, akawataja huku akigeuza vitumbua: Bizume, Mwanatumu, Mesalimu, Nimbiza, wote, hamruki mtu. Kisha mimi nikajitwika sinia kuwapelekea majirani, ili thawabu ziwafikie wenyewe. Mama Mutua, Mkamba mtu wa kanisani, alipokea kwa mikono miwili akasema, "Mungu awalaze pema hao wenu."

Siku moja mpita njia alikula akatoa sarafu. Nyanya akamrudishia kiganjani. "Sadaka ikilipwa ni biashara, baba. Na biashara haivuki kaburi."

Mimi sikusoma sana, juzuu chache za Kurani chuoni na darasa la pili basi. Lakini jina halinipotei, na Alhamisi ile nimekuja nayo mpaka uzeeni.

Mwaka huu ndipo walipokuja wanafunzi wa ng'ambo. Wanalala Diani, na hutembezwa vijijini waone watu wanavyoabudu, wanavyokaa na majirani, na akina mama wanavyochuuza. Anayewatembeza ni kijana wa bara, Brayo.

"Shosho, niaje!"

"Mimi si shosho, na hiyo si salamu."

Akacheka, akainama. "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Sasa kaa ule."

Ilikuwa Alhamisi. Sikuona ubaya, mgeni ndiye hasa wa kulishwa sadaka. Wakakaa jamvini, wasichana wakajitanda leso, wakala mpaka wakaramba vidole. Mmoja wao, Klara, akamuuliza Brayo ni akina nani ninaowataja huku nikigeuza vitumbua. Alipoelezwa, akaomba nimtaje na marehemu nyanya yake, Ingrid. Ulimi ulinipinda, lakini nilimtaja. Yule mtoto akalia, nami nikalia naye.

Wakati wa kuaga, mwalimu wao akamtilia Saumu noti mkononi.

"Mrudishie!" nikasema. "Hivi si vya kuuza!"

Saumu akazifumbata. "Nyanya, walio hai nao wana njaa."

Mumewe ameachishwa kazi hotelini. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Nikaziacha mkononi mwake.

"Nyanya, usijam," Brayo akanibembeleza nisikasirike. "Wageni wameipenda mbaya. Nitakuletea wengine kila Alhamisi."

"Walete Jumatano, mwanangu. Jumatano nitawakaangia mpaka washindwe."

"Jumatano huwa wako Shimoni, kuona pomboo."

Basi marehemu wetu wakawapisha pomboo.

Nilimwomba Saumu aniwekee kimoja tu, cha sadaka. Wiki ya kwanza aliniwekea. Wiki ya pili wageni walizidi, akakiuza kile kile, na hakunitazama usoni. Siku hizi sinia haliendi kwa jirani. Mtoto akipita akifuata harufu, anaambiwa, "Hebu toka, hivyo ni vya wageni." Nami natakiwa niyataje majina, maana hayo ndiyo wageni wanayoyapenda zaidi. Nikinyamaza, Saumu hunigusa bega. Basi nawataja, simu zimeelekezwa kinywani mwangu, Bizume, Mwanatumu, Mesalimu, nawaita waje kwenye chakula ambacho si chao. Nataka kuwaambia wasije. Sijui jambo hilo huambiwa vipi.

Usiniambie nimgombeze Saumu. Watoto wanakula, wamerudi shuleni, na yeye mwenyewe amekonda kwa moto wa jiko. Nyanya yangu alikuwa na siku sita za kuuza, na zilimtosha kumweka huru siku ya saba. Za Saumu hazimtoshi, hata akiziuza zote.

Lakini mwenzangu, nami niko mlangoni natoka. Siku yangu ikifika, Saumu ndiye atakayebaki wa kunikumbuka, na Alhamisi atakuwa na wageni.