Kiongozi wa Sendika Aliyeshangiliwa na Bosi

Umewahi kuona bosi akishangilia kuundwa kwa chama cha wafanyakazi? Mimi nimeona. Alipiga makofi kuliko sisi wote, na kiongozi aliyekuwa akishangiliwa ni mimi.

Ilikuwa 1992, kiwanda cha sabuni, si mbali na mtaa wa Sonatubes. Siku zile Kigali kila mtu alikuwa na chama cha siasa, nasi wafanyakazi tukaunda chama chetu, sendika.

Sababu ilikuwa Béatha, mjane mwenye watoto wanne, aliyefanya kazi kwenye mapipa. Alimwagikiwa mkononi na dawa kali ya sabuni. Glavu hazikuwepo. Mkurugenzi Théoneste akataka kumfukuza, eti mzembe.

Tukaapa haendi popote.

Nilichaguliwa kwa sifa moja kubwa: najua Kifaransa. Kifaransa chenyewe kilikuwa bonjour, ça va na nyimbo mbili za misa. Ila nilikitamka kwa madaha!

Mkurugenzi akatuita ofisini, mimi na wajumbe wa sendika. Akanikalisha kwenye kiti cha ngozi, akaniita "Monsieur le Président", yaani Bwana Mwenyekiti. Mimi, mpanga makatoni! Kichwa kikavimba.

Akatusomea kurasa mbili za Kifaransa, taratibu. Wajumbe wenzangu wakanitazama. Nikatikisa kichwa kwa busara, nao wakatikisa.

"Iko sawa, président?" Mukankusi, mmoja wa wajumbe, akaninong'oneza.

"Iko sawa kabisa. Amekubali yote."

Nikasaini kwa mbwembwe, nikapiga na mstari chini. Mkurugenzi akapiga makofi kuliko sisi wote.

Nje walinibeba juu juu. Mimi mwenyewe nikampelekea Béatha nakala ya karatasi zile, nimpe habari njema.

Akaisoma. Ndiyo, akaisoma! Kumbe alisoma sekondari kwa masista, miaka mitatu.

"Hapa mumeandika wafanyakazi ndio munaomba nifukuzwe, kwa usalama wenu. Chini iko jina yako."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa Béatha, mbona hukusema unajua Kifaransa?"

"Nani aliniuliza? Mimi niko mama wa mapipa. Nyinyi mulitafuta président."

Nikakimbia kwa mkurugenzi. Akatabasamu.

"Sendika imeamua, Monsieur le Président. Mimi ni nani nipinge sauti ya wafanyakazi?"

Jumamosi ile Béatha alitoka getini na bandeji yake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ninyi mnaosimama mbele za watu, jifunzeni kusema "sijaelewa" kwa lugha yoyote mnayoijua. Mimi nilikuwa najua tatu, na nikaona aibu kulisema kwa zote.