Tundu Lisilotakiwa Kufunga

Shavu la binti yangu lilipoanza kuvimba, nilidhani ameficha kipande cha muwa, nikamwamuru ateme. Alikuwa na miaka minane. Akafungua kinywa, hamna kitu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kulaumu kwanza.

Tulishuka kutoka Karatu juu ya lori la ngano hadi hospitalini. Daktari wa meno akanionyesha kwenye picha mfuko wa maji ndani ya mfupa wa taya, na chini yake jino la ukubwani lililokandamizwa. Nikamwambia akate, atoe, tumalize.

"Nikikata sasa, mama, nalo jino litakwenda," alisema. "Taya lake bado changa. Tutatoboa tundu dogo, maji yatoke, tusubiri mfuko unywee wenyewe."

Akatoboa, akaweka kimpira chembamba tunduni. Kazi yangu ikawa kuosha kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikitumia bomba la sindano lisilo na sindano. Chumvi yenyewe, miaka ile ya uhaba, ilikuwa ya kuvizia dukani. Mwanzoni nilimshika mikono kwa nguvu huku akilia. Baadaye akaniomba nisimshike, akaikalia mikono yake mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kilio.

Mwezi wa tatu wa kuosha nikaitwa semina ya walimu, wiki tatu. Nikampeleka kwa bibi yake, mama mkwe wangu, kijijini Mbulumbulu. Nilimweleza chumvi kiasi gani, maji ya moto kiasi gani, bomba lishikwe vipi. Mimi hujiona naeleza vizuri. Sikumwambia kwamba tundu halitakiwi kufunga. Kidonda gani kingine duniani kinakatazwa kufunga?

Niliporudi, Bibi alikuwa ananingoja uani, uso umemchangamka. Akamwita mtoto afungue kinywa. Ufizi ulikuwa safi, wa waridi, umefunga kabisa.

"Nilipaka asali ya msitu wa Ngorongoro," alisema. "Na kile kimpira kilitoka chenyewe. Nimekutunzia."

Kilikuwa kimeoshwa na kufungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Tuliporudi hospitalini, daktari alibonyeza shavu. Maji yalikuwa yamejaa tena. Ilibidi kutoboa upya, na safari hii kuhusu jino hakuahidi chochote. Nilimshika mtoto kichwa. Alipoona kisu alinitazama.

"Mama, si nilishapona?"

Nilimwambia afumbe macho. Nilikuwa na hasira, na hapakuwa na wa kumkasirikia ila mimi.

Tukiwa njiani kurudi, shavu limejaa pamba, alinivuta kanga. "Tusimwambie Bibi," alisema.

Jumapili Bibi akaja kuangalia kazi yake, saa ileile ya kuosha. Nilisimama mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi, bomba nimelificha ndani ya kanga. Akamwomba mjukuu afungue kinywa. Mtoto akabana midomo, akatikisa kichwa, akacheka kwa pua kama anayetania. Bibi naye akacheka, akanigeukia.

"Umeona, Mwalimu? Hata walimu hufundishwa."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Akaketi, akaomba chai. Binti yangu alinitazama, midomo bado ameibana, na maji yakanipoea mkononi.