Pua ya Bibi na Shimo la Ndizi

Wiki hii nimekuwa kama kichaa, rafiki yangu, na usinicheke. Kwenye ukumbi wa parokia hapa Nyalukemba tumefungua maonyesho ya harufu. Hakuna picha wala nyimbo, ni vyungu tu vilivyofunikwa kitambaa. Unafumba macho, unanusa, kisha unawasimulia wote umekumbuka nini. Chungu cha sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, kilimliza mwalimu mstaafu siku ya kwanza. Lakini chungu kilichonihangaisha ni cha nane. Humo nilitaka kuweka shimo la ndizi la bibi yangu.

Kila likizo kubwa tulipelekwa kwake Walungu. Nyuma ya jiko alikuwa na shimo lililonifika kiunoni. Alitandika majani ya migomba, akapanga ndizi mbichi, akafunika kwa majani na udongo, halafu akaingiza moshi kwa pembeni. Kufunua ili kuchungulia ilikuwa mwiko, maana shimo likipoa ndizi zinagoma kuiva. Kwa hiyo alipiga magoti penye kitundu kidogo akanusa. Kwanza ni moshi mtupu. Kisha majani yaliyochemka. Halafu asubuhi moja inakuja harufu tamu yenye ukali kidogo, unajikuta unameza mate, na hapo ndipo shimo linafunguliwa. "Macho inadanganyika," alikuwa akisema, "pua hapana." Sisi wajukuu tulisukumana kungoja zamu ya kunusa. Jamani, raha ile!

Mwaka alioolewa shangazi yangu, bibi alishikwa na mafua. Akaninong'oneza kwamba mimi ndiye nitakuwa pua yake, na mtu asijue. Nilikuwa na miaka tisa, kichwa kikanivimba. Siku ya tatu nikanusa moshi, na pengine nikanusa tamaa yangu ya mutobe, ile juisi ya ndizi kabla haijawa pombe ya kasiksi. Nikamkimbilia bibi kitandani: "Koko, iko tayari!"

Ndizi zilikuwa ngumu kama kuni. Wanawake walizikanda kwa nyasi mpaka mikono ikawauma, lakini hazikutoa hata tone la juisi. Siku ya wakwe kufika hapakuwa na kasiksi, na kwetu mkwe hapokelewi kwa maji. Bibi akasimama mbele yao. "Mutusamehe. Ni pua yangu imezeeka." Hakunitazama hata mara moja. Shangazi alilia jikoni, nami nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nikaota mvi.

Basi nilichimba shimo dogo nyuma ya ukumbi, jirani akadhani nazika mbwa. Maonyesho yakaanza ndizi zikiwa bado. Watu wakauliza mbona chungu cha nane kitupu, nami mikono ikaniwasha kufungua, lakini nikangoja. Siku ya sita nilipiga magoti, na harufu ile ikanipanda mpaka kichwani! Nilicheka peke yangu. Nikajaza chungu kwa ndizi, majani na udongo wake, nikampigia simu shangazi.

Alikuja na kitenge chake cha kanisani. Akafumba macho, akanusa, akashika ukingo wa meza.

"Ni shimo ya mama," akawaambia watu. "Siku ya ndoa yangu pua yake ilikosea. Nilimukasirikia mpaka akakufa. Sikumuambia hata siku moja kama nimemusamehe."

Nikamsogelea. "Shangazi, haikukuwa pua yake. Alinituma mimi. Ni mimi nilikosea."

Kule Walungu shimo lilifukiwa zamani. Migomba ilikauka kwa ugonjwa, jiko likabomolewa, na siku hizi wakwe hupokelewa kwa bia ya kreti. Hakuna mahali pengine ambapo ningeweza kumpeleka shangazi. Aliinama tena, akatia uso ndani ya chungu, akakaa hivyo muda mrefu, hadi foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika.

"Mumuache," nikawaambia. "Iko pamoja na mama yake."