Mama Aliyeikataa Bei Yake Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza ya kununua ndakala, wale samaki wadogo wanaokaushwa juu ya mchanga, niliuliza bei, nikaambiwa, nikalipa. Ilikuwa hapa Kalemie, karibu na bandari. Kapita, yaani msimamizi wetu sisi wanunuzi, alikuja kuangalia vitunga vya samaki nilivyoleta depo, ghalani kwetu.

"Umenunua ao umetoa mahari?"

Depo nzima ilicheka. Nilicheka nao, ulimi umekauka. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha shule mapema, nikapakia mabehewa Kabalo, nikafyeka majani kule Piana-Mwanga ili tu nione bwawa la umeme. Katika kazi zote hizo mshahara ulitajwa na mtu mwingine, nami nikaitika. Kupatana bei niliona ni kumwambia mtu mzima usoni kwamba anasema uongo.

Kapita alinifundisha. Bei ya kwanza tuliiita bei ya mdomo, kwa sababu imetamkwa tu, bado haijafikiriwa. Matabishi ni kile muuzaji anachoongeza juu ya kipimo mkishapatana, ionekane hakuna aliyekasirika. Nilishika maneno yote. Kisha patron, mwenye depo, akanituma Mpala, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa.

"Boti inarudi leo leo," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, utafute kazi ingine."

Mpala wauzaji walikaa mstari mmoja ufukoni. Mama wa kwanza alitaja bei yake.

"Sawa, Mama. Nachukua vyote."

Alinitazama, akavuta kitenge, akafunika vitunga.

"Siuzi."

"Lakini Mama, hii njo bei yako, umeitaja mwenyewe!"

"Njo bei yangu, haiyakuwa bado bei yetu. Muntu mwenye hapunguzishe hata kidogo, ao feza zake ni za uongo, ao bei imepanda Kalemie na sisi hatujue." Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Amekubali!"

Vitenge vikashuka juu ya vitunga, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mstari. Mabaharia walikuwa wameanza kupakia mizigo ya watu wengine. Nikakaa mchangani mbele ya yule mama.

"Mama, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Useme hapana."

"Nitasema hapana! Uliza bwana yangu, kila siku nasema hapana, na bado tuko naye. Sema yako."

Nikataja bei ndogo mno. Akapiga makofi. "Yoo! Mwizi amekuja muchana!"

Nilitaka kuinuka, lakini niliona kitenge kimeshaondoka juu ya vitunga vyake. Basi nikauliza jambo nililotaka kweli kulijua: mbona ndakala wengine ni wa manjano?

"Mvua iliwakuta inje."

"Basi wa mvua hawana bei ya wa jua."

"Eeh! Kumbe mudomo iko!"

Akashusha. Nikauliza habari ya mchanga uliokuwa ndani ya kitunga, chini ya samaki, akashusha tena. Naye akaniuliza nimezaliwa wapi, nani ananipikia, kwa nini shati halina kifungo. Nilijibu yote, nikapandisha kidogo. Bei zetu zilipokutana, alichota matabishi kwa mikono miwili. Wenzake wakafunua vitunga vyao.

Patron alipoambiwa bei alisema, "Bado ni kali," akanituma Mpala tena wiki iliyofuata.

Baadaye nilihamishiwa Kabalo, kununua mahindi chini ya kapita mwingine, mtu mkimya aliyepatana bei kwa kutikisa kichwa tu. Kisha nilirudi ziwani, nikafanya kazi hadi magoti yalipokataa kupanda boti.

Siku hizi vijana huuliza bei kwa simu, au huiandika kwenye kipande cha katoni, na habari imekwisha. Siwalaumu. Katoni haimcheki mtu. Mimi woga haukunitoka. Hata leo ulimi hukauka kabla sijataja bei yangu. Wamama wa soko wanajua, kwa hiyo wananitajia bei ya juu kuliko wanayowatajia jirani zangu. Ndiyo sababu naongea nao muda mrefu kuliko jirani zangu wote.